Nyasi za Nyumbani Hufa kwa Kukosa Hewa



Wengi wenu mtauliza chama cha wafanyakazi kina habari gani na nyasi. Tunawajibu hivi. Mshahara wa kiwandani na wa shambani haununui maziwa ya watoto kila siku. Mwenzetu aliye na ng'ombe mmoja au mbuzi wawili nyuma ya nyumba anaongeza mshahara wake kwa mkono wake mwenyewe, bila kumwomba msimamizi ruhusa. Na mnyama huyo siku hizi hali mlimani. Sheria ya tarehe 4 Oktoba 2018 iliamuru mifugo yote ya Burundi ifugwe zizini, na ikakataza kuiacha izurure. Watu walipewa miaka 3 ya kujitayarisha, na muda huo ulikwisha Oktoba 2021. Tangu hapo majani yanamfuata ng'ombe, si ng'ombe anayeyafuata majani.

Basi kile kipande cha nyasi kilicho kati ya nyumba na njia, ambacho zamani kilikuwa cha kupendeza macho tu, leo ni sehemu ya chakula cha mnyama. Vilevile ndicho kinachozuia maji ya mvua yasiingie mlangoni, na vumbi la kiangazi lisiingie kwenye vifua vya watoto. Hatusemi kwamba ua peke yake utamlisha ng'ombe. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 300 anataka kama kilo 30 za majani mabichi kwa siku, na ua wa mita 10 kwa mita 10 hauwezi kutoa hayo. Lakini unasaidia, na kwa mwenye sungura au mbuzi unasaidia sana.

Tumewatembelea wanachama wengi mjini Gitega, mitaa ya Nyamugari na Magarama, na pia Muyinga, ambayo tangu mipango mipya ya mikoa ya mwaka 2025 imo ndani ya mkoa wa Buhumuza. Malalamiko ni yale yale kila mahali. Nyasi zimekuwa fupi na za manjano. Zimeacha mabaka ya udongo mtupu. Mvua ikinyesha, maji hayazami, yanakimbia juu kama juu ya saruji. Mwenye nyumba anasema: "Udongo umechoka, unataka mbolea." Ananunua mbolea kwa faranga alizozitolea jasho, anaimwaga, na mvua ya jioni inaipeleka kwa jirani wa chini.

Mara nyingi kinachokosekana hapo si mbolea. Kinachokosekana ni hewa. Tunaona afadhali jambo hili tulieleze polepole, kwa sababu anayelielewa hatadanganywa na muuza mifuko.

Fikirini lori linalobeba wafanyakazi asubuhi kwenda shambani. Wakipanda watu 30, kila mtu anasimama, upepo unapita, na mwenye chupa ya maji anaweza kuipitisha kwa mwenzake. Wakisukumwa wengine 20 juu yao, lori ni lile lile na watu ni wale wale, lakini hakuna anayeweza kuinua mkono na pumzi inakuwa shida. Udongo ni hivyo hivyo. Udongo mzuri wa nyasi nusu yake tu ndiyo kitu kigumu, yaani chembe za mchanga, mfinyanzi na mabaki ya majani yaliyooza. Nusu nyingine ni nafasi tupu kati ya chembe hizo. Katika nafasi hizo, ardhi ikiwa na unyevu wa kufaa, karibu nusu huwa maji na nusu huwa hewa. Ukiukanyaga udongo kila siku, chembe zinabanana, nafasi kubwa zinafungwa kwanza, na hizo kubwa ndizo zilizokuwa za hewa na za kupitisha maji ya mvua.

Mzizi nao unapumua. Majani yanatengeneza chakula kwa nguvu ya jua, lakini mzizi uko gizani. Ili ukue na ufyonze maji na chumvi za ardhi ni lazima uvute oksijeni kutoka kwenye udongo na utoe hewa chafu. Udongo ukifungwa, hewa chafu haitoki na safi haiingii. Oksijeni ikishuka chini ya sehemu 10 katika 100 za hewa iliyomo udongoni, mizizi ya mimea mingi inapunguza kazi au inaacha kabisa. Mzizi ulioacha kazi hauli mbolea, hata ukiumwagia gunia zima. Nyungunyungu nao wanahama, na wao ndio mafundi wanaochimba vijia vya hewa usiku na mchana bila malipo.

Nani anaubana udongo? Ni sisi wenyewe. Miguu ya watoto, baiskeli inayoegeshwa pale pale, ndoo ya maji inayotuliwa pale pale. Kwato za ng'ombe ndizo mbaya kuliko zote, kwa maana uzito wote wa mnyama unatua juu ya vipande vinne vidogo. Matone ya mvua yakipiga udongo ulio uchi yanauponda na kuufanyia ganda juu. Na kuna ufagio. Tunajua akina mama hawatapenda kusikia, lakini ua unaofagiliwa kila asubuhi mpaka uwe mwekundu na laini unanyimwa yale majani makavu ambayo nyungunyungu wangeyala na kuyashusha chini. Tufagie mbele ya mlango na jikoni. Penye nyasi tuache.

Anayetaka ushahidi aende uwanja wa mpira wowote wa mtaani. Pembeni, kwenye kona, nyasi zipo. Mbele ya goli hakuna hata unyasi mmoja, na mvua ikinyesha pale ndipo dimbwi linapokaa. Udongo ni mmoja, mvua ni moja, hakuna aliyeweka mbolea kwenye kona. Tofauti ni miguu ya golikipa.

Ardhi yetu ya Gitega na Muyinga ina tabia yake. Ni nyekundu, ina mfinyanzi mwingi, na sehemu nyingi ina uchachu. Ikiwa na mabaki ya majani na samadi ya kutosha inamumunyuka mkononi kama ugali wa jana. Ikipoteza hayo inashikana. Milimani kuna shahidi ambaye kila Mrundi anamjua, nyasi ngumu iitwayo ishinge. Mkiona ishinge imetawala mlima, jueni ardhi hiyo imeliwa na kukanyagwa miaka mingi mpaka nyasi laini zikakimbia. Ikianza kuota uani kwenu msiing'oe tu kwa hasira. Iulizeni imekuja kufanya nini.

Kabla ya kutoa jasho, pimeni. Siku moja baada ya mvua, chukueni bisibisi ndefu au msumari wa inchi 6 mkaukandamize kwa kiganja. Ukiingia wote bila taabu, ardhi yenu ni nzima na nyasi zina ugonjwa mwingine: kivuli, ukosefu wa mbolea, au kukatwa chini mno. Ukikwama sentimita 3 au 4 tu, udongo umefungwa. Njia ya pili ni kopo la nyanya. Toeni vifuniko vyote viwili, juu na chini, mlididimize kopo ardhini kama sentimita 3, mlijaze maji, kisha mtazame saa. Fanyeni hivyo penye mabaka, halafu fanyeni chini ya mgomba ambako majani makavu hutandikwa. Mtaona wenyewe maji ya mgombani yamekwisha kunywewa na ya uani bado yamesimama.

Sasa dawa. Dawa ni kutoboa. Kwenye viwanja vikubwa vya mpira na vya gofu vya nchi za nje wana mashine yenye meno matupu kama vipande vya bomba. Inatembea juu ya nyasi, inachoma, na inang'oa vijiti vya udongo kama vidole na kuviacha juu. Nyasi hazipinduliwi, zinabaki mahali pake. Sisi hatuna mashine hiyo na hatuihitaji. Kiwanda chochote kina fundi wa kuchomelea, na karakana yoyote ina bomba kuukuu.

Chombo kinatengenezwa hivi. Kateni vipande viwili vya bomba la chuma la maji, la nusu inchi au robo tatu ya inchi, kila kimoja sentimita 25. Ncha ya chini inolewe iwe na makali kuzunguka. Juu kidogo ya ncha, kama sentimita 12, ukatwe upenyo mrefu ubavuni mwa bomba, ili udongo ulioingia upate pa kutokea. Bila upenyo huo bomba linajaa na kuziba shimo la tatu tu. Vipande hivyo vichomelewe kwenye chuma cha kulala, vikiachana sentimita 15, na juu yake mpini wa kushika kwa mikono miwili. Unakiweka, unakanyaga kwa mguu, unakivuta, unarudi nyuma hatua ndogo. Udongo wa shimo la kwanza unasukumwa na wa shimo la pili. Na tuseme wazi: bomba kuukuu liombwe kwa msimamizi mchana, lisibebwe chini ya koti jioni. Hatutaki kumtetea mtu mbele ya tume ya nidhamu kwa ajili ya nusu mita ya bomba.

Asiye na chombo hicho atumie uma wa shamba wenye meno manne, au mtaimbo. Hivi vinasaidia, ila vina ila yake. Havitoi udongo, vinausukuma pembeni, na kuta za shimo zinabanwa zaidi. Kwa hiyo mwenye uma auzamishe, kisha autikise mbele na nyuma kidogo ili ardhi ipasuke, ndipo auchomoe. Mtaimbo utumike mahali pagumu sana tu, na shimo lijazwe mboji papo hapo.

Mashimo yawe na kina cha sentimita 8 hadi 10, kwa sababu ubanaji wa miguu ya watu uko hapo juu, hauendi mbali. Shimo na shimo liachane kiasi cha sentimita 15. Tumepiga hesabu: hiyo ni mashimo 44 kwa kila mita mraba, na ua wa mita 10 kwa 10 utataka 4,400. Msishtuke. Chombo cha meno mawili kinafanya mashimo mawili kwa mkanyago mmoja. Mtu akitoka zamu akafanya mita mraba 10 kila jioni, yaani mikanyago 220, anamaliza ua wote kwa siku 10, na hakuna haja ya kuugusa tena mpaka mwaka unaofuata. Penye njia za miguu warudie mara mbili kwa mwaka. Vaeni viatu vigumu, na aliyechomwa na chuma chenye kutu aende kwenye kituo cha afya kudungwa sindano ya pepopunda, asingojee. Na mjue kwanza bomba la maji au waya wa umeme unapita wapi.

Wakati ndio wengi wanaokosea. Nyasi zitobolewe zikiwa katika nguvu za kukua, ili zizibe majeraha upesi. Kwetu mvua zinaanza Septemba na kwenda mpaka Mei. Ngojeni mvua za kwanza ziloweshe ardhi, halafu fanyeni kazi Oktoba au Novemba. Aliyepitwa anaweza kufanya Februari, baada ya ile kiangazi fupi. Aprili msiguse, maana ardhi imejaa maji, na kila mkanyago unaharibu zaidi ya unavyotengeneza. Mkifinyanga donge la udongo likatoka kama kamba bila kukatika, bado ni bichi, rudini ndani. Mei na Juni pia msitoboe, kwa kuwa kiangazi kirefu kiko mlangoni na mashimo yatakausha mizizi. Wa upande wa Muyinga unaoelekea Kirundo, ambako mvua ni chache zaidi, wasichelewe kupita Novemba.

Vijiti vya udongo vilivyotoka msivitupe. Viacheni juu vikauke siku mbili, mvivunje kwa reki au kwa tawi lenye matawi madogo, virudi vyenyewe. Kisha tandazeni mboji iliyochekechwa, nusu sentimita tu, na kuisukuma iingie mashimoni. Kwa ua wa mita mraba 100 hiyo ni toroli 8 au 9. Hapo shimo linakuwa si hewa tu, linakuwa bomba la chakula, na nyungunyungu watarudi kulifuata.

Mboji itoke wapi? Hapa wafanyakazi wa kahawa wana bahati ambayo hawaitumii. Katika kilo 100 za kahawa nyekundu inayoletwa kwenye kituo cha kuosha, karibu kilo 40 ni maganda, na mahali pengi maganda hayo yanarundikwa mpaka yananuka na kuchafua mto wa chini. Yaombeni. Lakini maganda mabichi yasiwekwe kwenye nyasi, yataziunguza. Yarundikeni na samadi na majani makavu, tabaka kwa tabaka, myafunike kwa majani ya migomba, myapindue kila baada ya wiki mbili au tatu, na baada ya miezi 4 hadi 6 yatakuwa meusi na kunukia kama udongo wa msituni. Kahawa inavunwa zaidi kati ya Machi na Juni, kwa hiyo rundo la mavuno hayo linaiva sawasawa na mvua za Oktoba. Ukiongeza majivu ya jikoni, konzi chache kwa kila mita mraba, unapunguza uchachu wa ardhi.

Kuna wanaoshauri kumwaga mchanga wa mtoni kwenye mashimo. Kwenye mfinyanzi wetu hatupendi shauri hilo. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi mwingi hushikana, na kila mfyatua matofali analijua hilo.

Mabaka matupu yapandwe palepale, siku moja na kutoboa. Ile nyasi ambayo watu wanaiita pasipalumu inavumilia miguu. Urucaca unatambaa na kufunika upesi, lakini mwenye bustani karibu auogope, kwa sababu hauheshimu mpaka. Kateni vipande vyenye mizizi, mpande kwa umbali wa kiganja, na mzungushie miiba wiki sita. Na nyasi zisikatwe kama kichwa cha askari. Acheni vidole vinne, maana urefu wa mizizi unafuata urefu wa majani.

Sehemu ya miguu ndiyo yenye ubishi nyumbani. Kutoboa bila kubadili njia ni kazi bure, kwani mwaka ujao mtatoboa pale pale. Angalieni watu wanapita wapi kweli, si mnapotaka wapite, mkaweke mawe au matofali mabovu hapo hapo. Kamba ya ng'ombe isifungwe kwenye nyasi. Majani yakatwe na yaletwe zizini, sheria yenyewe inataka hivyo. Kwenye kota za kampuni moja ambayo hatuitaji hapa, malori yalikuwa yanageuzia juu ya ua wa wafanyakazi kila jioni, na maji ya mvua yalikuwa yanaingia katika nyumba za mstari wa chini. Wenzetu hawakuanza kwa kugombana na madereva. Walipeleka kopo la nyanya ofisini wakaonyesha maji yaliyogoma kuzama, kisha wakaomba mahali pa kugeuzia pawekwe changarawe. Walikubaliwa baada ya miezi miwili, na mawe yakapangwa kando ya ua.

Neno kwa wenye mabingobingo, yaani urubingo, kwenye mifereji ya kukinga mmomonyoko. Hiyo si nyasi ya kutoboa kwa bomba. Anayekata anasimama kila mara upande ule ule, na ardhi kati ya mistari inakuwa ngumu kama barabara. Kila baada ya kukata mara mbili, pitisheni jembe kati ya mistari, kina cha kiganja, bila kuumiza mashina, na mweke samadi ndani kabla ya kufukia. Kateni kila wiki 6 hadi 8, mkiacha mashina ya sentimita 10 au 15. Upande wa chini wa mstari msisimame kabisa mkati wa mvua. Simameni upande wa juu.

Baada ya kutoboa msitazamie muujiza wiki ya kwanza, ua utaonekana kama umepigwa ndui. Wiki ya tatu kijani kitaanza kuzunguka mashimo, kabla ya kwingine. Kabla ya Krismasi rudieni jaribio la kopo mahali pale pale mlipopima mwanzo, muandike dakika ukutani kwa mkaa, kando ya zile za kwanza.